Mavi Safi

Umeme wa Bunia una mpenzi mmoja tu, na mpenzi huyo ni frigo la mavi. Sisi wengine tunapewa giza. Samaki wabichi wakiniharibikia kabla sijawatia moshini hakuna anayenipa pole, na mama anayeuza maji ya barafu jirani yangu akilia kwamba barafu yake imekuwa chai, soko zima linamcheka. Lakini lile frigo la kituo cha utafiti, jeupe, refu kunizidi, lina paneli za sola juu ya paa, lina jenereta nyuma ya nyumba, na jenereta ina mlinzi wake. Ndani mna baridi ambayo mji huu haujaiona tangu uumbwe. Katika baridi hiyo yamelala mavi ya watu, ndani ya vifuko vya plastiki, kila kifuko na namba yake.

Nilikuwa wa kwanza kucheka. Naitwa Adeline, nauza samaki wa moshi wa kutoka Tchomia katika soko la Mudzipela, na soko letu halimwonei huruma mtu wala kitu. Tulisema wazungu walianza na dhahabu ya migodi ya Kilo, sasa wameshuka mpaka chooni. Tulisema iko siku tutadaiwa kodi ya kujisaidia porini. Mavi ya kale hayanuki, akasema mwenzangu mmoja, ndiyo maana wanayaweka yazeeke. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Hayo yalikuwa kabla mdogo wangu Musoki hajalazwa kwenye kituo hicho hicho, akisubiri kifuko kimoja kutoka kwenye frigo hilo ili aishi.

Musoki alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto, Chancelle, alitoka mzima na sauti ya kuamsha mtaa. Kidonda cha mama ndicho kilichoharibika. Wakamchoma sindano za antibiotiki, wakabadilisha, wakaongeza nyingine juu yake, hadi kidonda kikafunga na sisi tukaenda kanisani kushukuru. Hatujamaliza kushukuru, tumbo likafunguka. Sisemi kuhara kule kunakotupata sote mvua zikianza. Nasema maji yasiyokatika, usiku na mchana, mpaka mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la sukari peke yake akabaki mifupa na macho. Walimpa dawa ya kumeza iliyoagizwa Kampala. Kuhara kukakoma, tukapumua, dawa ikaisha, kuhara kukarudi. Ikaagizwa tena, kukarudi tena. Mwisho wakamhamishia kwa daktari Hubert.

Hubert ni mtoto wa hapa hapa Bunia. Alisoma Kisangani, kisha Ubelgiji, akarudi na miwani na huo mradi wake. Si mtu wa kujivuna. Alinikalisha kwenye benchi, akaketi pembeni yangu, si mbele yangu, akanieleza kwa lugha ya nyumbani.

"Mama Adeline, mu tumbo ya kila mutu iko badudu bazuri na badudu babaya. Zile sindano ziliua bote. Sasa babaya njo balirudi ba kwanza, bakajenga. Tunapashwa kumuletea bazuri, kutoka kwa mutu mwenye iko na tumbo ya nguvu."

"Na hao bazuri bako wapi?"

Akatazama mlango wa chumba cha frigo. Nikaelewa, na mkono ukaniwasha kwa hamu ya kumzaba kofi.

Alinieleza yote bila kunificha. Wanachukua kinyesi cha watu wazima wenye afya, wakulima waliokimbia vita vya Djugu, ambao miili yao haijazoea madawa na matumbo yao yamelelewa na chakula cha shamba. Wanapima damu yao. Wanakikoroga kile kinyesi na maji ya chumvi na kitu kama mafuta, ili baridi isiwaue wadudu, wanachuja, wanagandisha. Mgonjwa akija, kifuko kinayeyushwa katika beseni la maji ya vuguvugu, kisha kinapandishwa kwa mpira kutoka chini. Wadudu wazuri wanaamka na kuwafukuza wabaya. Alisema kwingine duniani watu wengi wamepona hivyo, tena upesi.

Mume wa Musoki, jina lake Kule, ambaye anaendesha lori la Butembo na hana subira, alisema hapana. Alisema mke wake si choo. Ndipo Musoki alipofumbua macho.

"Kule, mwenye kufa ni miye, haiko weye. Heshima yangu yote ilishamalizika mu hii beseni. Balete."

Wakaleta. Hakupona. Wakaleta tena, halafu mara ya tatu kutoka kwa mtoaji mwingine. Kila mara Gracia, muuguzi, alifanya kazi kwa mikono ya upole, akamgeuza Musoki ubavu, akamwimbia kidogo kama mtoto. Kila mara nilirudi asubuhi nikakuta shuka limebadilishwa na mdogo wangu ameugeukia ukuta, nikajua. Hubert alichanganyikiwa. Alipima baridi ya frigo, akapima maji ya beseni, akamshuku Gracia kwamba anayeyusha kwa haraka mno, na Gracia akalia. Wagonjwa wengine waliopewa kabla ya Musoki nao hawakupona. "Sielewe," alikuwa akiniambia, "sielewe kabisa." Mimi niliogopa neno hilo kuliko ugonjwa. Daktari asipoelewa, mwenye mgonjwa afanye nini?

Siku moja namlisha uji, Musoki akashika mkono wangu, akaniita kama tuitavyo dada mkubwa.

"Yaya, labda ule mutu, tumbo yake inanikatala. Hatujuane. Mulishaenda kumusalimia?"

Nikaona haya. Sisi Wanande hata mtu akikupa moto wa kuwashia jiko unarudi kumwambia jina lako, na huyu alikuwa ametupa kitu cha ndani ya mwili wake. Daktari alikataa kunitajia mtoaji, akasema ni siri. Siri katika Bunia! Nilimwuliza Gracia tukiwa tunakamua shuka, na kabla shuka halijakauka nilikuwa nimekwisha kujua. Vifuko vilivyotumika mara mbili za kwanza, vile walivyovisifu kuliko vyote, vilitoka kwa papa Michée, kwenye kambi ya watu waliokimbia, nje kidogo ya mji. Nikachagua samaki wazuri wa moshi, wale ninaowaficha chini kwa ajili ya wateja wangu wakubwa, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, nikaenda.

Michée alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Kwao Djugu alikuwa na mahindi na maharage na nyumba ya bati. Sasa alikuwa na turubai, mke, na kiti kimoja. Akanipa kile kiti.

"Papa Michée, nilikuja kukusalimia. Mudogo yangu iko na kitu yako ndani ya mwili yake."

 Akamwita mkewe Léontine aje asikie, na macho yake yakawa na maji.

"Mama, haiko mutu alishakuja hata siku moja. Siye tulikuwa tunawaza banapelekaka ile bitu Ulaya." Akainama karibu. "Ilifika muzuri? Haikunuka?"

"Haikunuka, papa."

Ilikuwa kweli. Nilikuwepo kifuko kikifunguliwa, hakikutoa harufu ya maana, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya ile baridi. Michée akamgeukia mkewe kwa fahari, kana kwamba wamesifiwa watoto wao.

"Unaona?"

"Mama," Léontine akasema, "siye haiko batu ya kupatia mugonjwa uchafu. Tulikimbia, lakini adabu hatukuiacha mu kijiji. Gracia akituma neno asema kesho banakuja kukamata, magaribi tunaosha tumbo. Bote benye banatoa. Maji ya vuguvugu, tangawizi kidogo, na tetra mbili, tunafungua tunamwanga ule unga ndani. Tunaosha na poire mpaka maji inatoka sawa ya mutoni. Kisha tunapika muchele. Hapana majani ya sombe, hapana maharagi. Asubui inatoka kidogo tu, lakini iko safi."

Mtu wa Bunia asiyejua kuosha tumbo bado hajazaliwa. Mimi nimelelewa na ule mpira mwekundu wa poire, unaosukuma maji kutoka chini, kila Jumamosi, nikilia mapajani mwa bibi. Mtoto akiwa na homa anaoshwa. Mwanamke akikaribia kujifungua anaoshwa, asije akamchafulia mkunga mikono. Musoki mwenyewe nilimwosha mimi kabla hajaingia kupasuliwa. Ni heshima, kama kuoga kabla ya kwenda kanisani. Sikuona ajabu yoyote mpaka aliposema tetra. Tetra ni antibiotiki. Hata mchuuzi wa vidonge sokoni anajua hilo. Nilikuwa nimemsikia Hubert kwa masikio yangu: zile sindano ziliua wote.

"Kila mara munaosha na tetra?" nikauliza.

"Kila mara," Michée akasema. "Kwa mwili yetu, siye wenyewe, tunaoshaka na majani tu. Tetra ni ya kituo peke. Tunauzaka unga ya musaada juu ya kuipata."

Ningemwambia nini mtu huyo? Amekaa chini kwenye vumbi, amenipa kiti chake, ameuza chakula chake ili asimpe ndugu yangu uchafu.  Nikamkabidhi samaki kwa mikono miwili, nikasema aksanti, papa, aksanti, mama, na nikaondoka kabla uso wangu haujanisaliti.

Hubert nilimkuta ofisini anakula ndizi.

"Dokta, bale batu ya frigo yako, ulishabauliza kama banaoshaka tumbo?"

Akasema aliwauliza kama walitumia antibiotiki, wakajibu hapana.

"Na habakudanganya! Dawa ni ya mugonjwa. Bao habakuwa bagonjwa. Balikuwa banajisafisha juu yako." Nikamweleza yote, maji ya vuguvugu, tangawizi, tetra mbili, mchele. Nilimwona anavyokauka kidogo kidogo, ndizi mkononi.

"Bote?" akauliza.

"Bote. Frigo yote. Weye unachunga mavi yenye ilishakufa, na jenereta, na mulinzi. Dokta, bibi yako hakukuosha tumbo weye?"

Akavua miwani. Bila miwani alikuwa mtoto wa mtaa kama wale wengine wote.

"Alikuwa ananiosha kila samedi."

"Na tetra?"

"Na tetra. Saa ingine na ampi, antibiotiki ingine."

"Na haukukumbuka kuuliza."

"Maulizo ilitoka kule," akasema, na kidevu chake kikaonyesha dirishani, upande ambao kila mtu katika nchi hii akiuonyesha anamaanisha Ulaya. "Kule habaoshake tumbo."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kinande, na Kinande hakijui lakini alikielewa. Alikubali matusi yote. Nilipochoka, alisema jambo moja lenye akili: utoaji ulikuwa umesimama kwa miezi kadhaa, tangu barabara ya kambi iharibike mpaka ilipotengenezwa juzi, kwa hiyo Michée na wenzake hawakuwa wamegusa tetra muda wote huo. Matumbo yao yalikuwa yamekwisha kujijaza upya. Kinachotakiwa ni kinyesi kile kile cha mtu yule yule, bila kuoshwa. Kesho yake tulipanda gari la kituo, yeye na Gracia na mimi, kwenda kukiomba.

Sijaona mtu akiaibishwa vile bila kufanya kosa. Michée alisikiliza akiwa amesimama.

"Nikupatie vile vile? Sawa mbuzi?"

"Vile vile, papa," Hubert akasema. "Haufanye kitu. Kula sombe yako, kula maharagi, na asubui utoe."

"Na badudu je?"

"Badudu njo tunatafuta."

Michée akanitazama mimi, akitaka nimwambie kwamba daktari anatania. Hubert akaanza kumweleza, lakini haya yalikuwa yamemshika, na Hubert akishikwa na haya Kifaransa ndicho kinachomtoka: mikrobiota, ekolibri, sijui diversite. Michée aliitikia kwa kichwa jinsi watu wanavyoitikia misa ya Kilatini. Mwisho akauliza kwa upole, "Lakini dokta, kuua badudu haiko kazi ya dawa?" Hubert akasema ndiyo, akasema hapana, akajifuta uso. Léontine alikuwa ameingia ndani ya turubai na hakutoka tena kutuaga.

Hata hivyo alitoa. Daktari ameagiza, na mimi nilikuwepo nikimwomba kwa macho. Alfajiri ya siku ya pili Gracia alirudi na chombo kimefunikwa kwa mifuko miwili myeusi, kwa maana Michée alikataa kabisa kukitoa nje mpaka kifunikwe hivyo, na alikitoa akiwa ameinamisha uso. Kituoni walipokifungua, harufu ilitupiga wote, harufu ya choo cha kijijini msimu wa maharage. Nilicheka kwa sauti. Nilimkimbilia Musoki nikamwambia, "Leo iko ya kweli, leo inanuka sawa ya kwetu," naye akacheka kwa ile pumzi aliyobaki nayo. Sijawahi kufurahia kitu vile. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumwona sokoni, gunia la sukari kichwani, Chancelle mgongoni.

Wakakoroga, wakachuja, wakatia vifuko, wakaandika namba. Halafu Hubert akafungua frigo, moshi wa baridi ukatoka, akaviweka ndani na kufunga mlango.

"Sasa munamupatia saa ngapi?" nikauliza.

Alijibu akiwa bado ameshika mlango wa frigo.

"Mama Adeline, haiko leo. Iko sheria. Inalala mu frigo mpaka tupime ule papa mara ya pili. Kama iko na ugonjwa yenye haijaonekana mu damu, sida, ule ukimwi, ao ugonjwa ya maini, tutakuwa tumeiingiza kwa Musoki."

"Anakufa, dokta."

"Najua."

"Basi muchukue ya moto moto, bila frigo."

"Hiyo njo mubaya zaidi. Banaweza kufunga mradi."

Alisema ameandikia wakubwa wake ng'ambo awaombe ruhusa ya pekee, na wakubwa wamejibu kwa heshima kwamba kamati itakaa. Itakaa lini, hawakusema. Kwa hiyo frigo lilikuwa na pande mbili: upande mmoja mavi yaliyokufa ambayo yaliruhusiwa, upande mwingine mavi mazima ambayo yalikatazwa. Nilitaka kumchukia Hubert na sikuweza, kwa maana alikuwa akilala kwenye benchi la korido ya Musoki kama ndugu. Ni woga tu uliomshika. Woga wa mtu aliyepewa kitu na wakubwa, akajua wanaweza kukichukua.

Tumbo la Musoki likaanza kuvimba. Kuhara kukapungua, nikadhani ni nafuu, Gracia akatikisa kichwa. Alisema ni utumbo unachoka. Musoki hakuuliza tena habari za kamati. Aliomba aletewe Chancelle, akamnusa shingoni, akasema mtoto arudishwe nyumbani asije akaambukizwa.

Hapo nikasema, mimi Adeline nangoja ruhusa ya nani? Poire nimeishika tangu utotoni. Maji ya chumvi najua kuchemsha. Nani anifundishe kumwingizia mdogo wangu kile kinyesi cha moto moto? Sikumwambia Hubert wala Gracia. Nilibeba chombo chenye mfuniko, nikapanda moto, dereva akakimbiza kwenye mashimo mpaka meno yakagongana, nikafika kambini jua halijawa kali. Michée alikuwa nje ya turubai, ameketi kwa uangalifu, kama mtu ambaye tumbo halijatulia.

"Papa Michée, nisaidie. Nataka ingine. Leo leo, yenye haiko ya kuosha."

Akanitazama kwa huruma kubwa.

"Ile chafu haikumusaidia, eh?"

Sikuwa na pumzi ya kueleza. "Nipatie ingine tu, papa. Nakuomba. Saa hii."

"Mama," akasema, "nilishaosha. Jana magaribi. Nilikuwa na haya ya ile siku. Nilisema bakirudi, nisikupatie haya mara ya pili. Niliweka tetra ine, haiko mbili."

Léontine akatoka na kusema kwamba wote walikuwa wameosha. Walipoliona gari la kituo juzi walijua kazi imeanza tena, na yeye mwenyewe ndiye aliyepitisha neno, turubai kwa turubai, ili pasiwe na mtu mwingine wa kulazimishwa kutoa vile vile. Alilisema hilo kwa kunituliza. Aliweka mkono begani kwangu.

Nilirudi na chombo kitupu. Musoki alifariki kesho yake, kabla ya saa sita, mkono wake ndani ya mkono wangu, akiwa amesema tu kwamba anasikia kiu.

Tulimlilia nyumbani kwangu, chini ya hema la kukodi. Mumewe Kule alikaa karibu na moto bila viatu. Hubert alikuja, akaketi kati ya wanaume. Gracia alininong'oneza kwamba kamati bado haijakaa. Alisema pia kwamba vile vifuko vya zamani havijatupwa, kwa sababu wageni wa mradi wanakuja kutembelea na frigo tupu halitapendeza. Nikamwambia anyamaze, nimesikia vya kutosha.

Michée alikuja siku ya mwisho ya matanga, kwa miguu, shati limefungwa mpaka shingoni. Alikaa pembeni kabisa, kwenye ncha ya benchi. Mabinti walimpelekea sahani ya bugali na maharage, akaiweka chini na hakuigusa. Kwetu mtu asiyekula matangani ana neno. Nikaenda nikaketi karibu naye.

"Mama, nilikuja kuomba musamaha," akasema.  "Nilibaambia bale badokta, mutu hapatie mwenzake uchafu. Balinilazimisha. Nikatoa vile vile, sawa nyama ya pori. Nilimuua mudogo yako. Tangu nisikie, silale."

Nilimtazama. Nilikuwa na hasira nyingi na sikuwa na mtu wa kumpa. Frigo halilii. Wakubwa wa ng'ambo siwajui sura. Hubert alikuwa amekwisha kujipiga mwenyewe kuliko ningeweza kumpiga. Huyu ndiye aliyekuwa mbele yangu, na ukweli ulikuwa mdomoni mwangu, wa moto: si uchafu wako, papa, ni usafi wako. Nakiri nilitamani kuutema, nimwone anavyoupokea. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, kucha zimekatwa, zimesuguliwa, kwa ajili ya kuja kwangu.

"Papa," nikasema, "ile haikumufikia. Iko mu frigo mpaka leo."

"Kweli?"

"Kweli ya Mungu. Haikumugusa hata kidogo."

"Sasa yeye alipata gani?"

"Alipata ile ya zamani. Yenye mulioshaka."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, akafanya ishara ya msalaba.

"Mungu asifiwe, mama. Basi alienda na kitu safi."

"Safi kabisa, papa."

Akainama, akaiokota ile sahani, akaanza kula.